Neno Hutangulia Ulimi: Mafunzo ya Meza ya Kuonjea Kahawa

Kwenye meza ya kuonjea kahawa, neno la kwanza kusemwa kwa sauti ndilo lenye nguvu kuliko yote yanayofuata. Mmoja akisema "ndimu" mara tu baada ya kunusa, dakika chache baadaye ndimu imeandikwa kwenye karatasi za wengine, na walioandika hawadanganyi wala hawaigi. Wameionja. Sisi tunaofundisha waonjaji, iwe kwenye vyama vya msingi, kwenye viwanda vya kukoboa au kwenye maabara za mnada, tunakutana na jambo hili kila msimu. Nililojifunza ni kwamba lugha nayo ni kifaa cha kazi, na inahitaji kupimwa na kusafishwa kama zinavyohitaji mizani, mashine ya kusaga na maji.

Sababu iko puani. Kahawa iliyokaangwa hutoa mamia ya kemikali zenye harufu, na pua ya binadamu ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya kuzipokea. Mchanganyiko huo hufika kwenye ubongo ukiwa umefumwa pamoja. Hata watu waliofunzwa mara nyingi hawawezi kutambua zaidi ya viungo vitatu au vinne ndani ya mchanganyiko mmoja wa harufu. Basi neno linapotajwa, ndilo linaloamua ni vipi kati ya hivyo vitakavyojitokeza. Aliyesikia "ndimu" ataitafuta ndimu, na kwa kuwa kahawa ya arabika kweli ina asidi ya sitriki, ataipata. Asichokipata ni ile harufu ndogo ya gunia kuukuu iliyokuwa pembeni, ambayo ndiyo ingemwokoa mnunuzi.

Watafiti wameliona hili wazi. Mwaka 2005 kundi la Ivan de Araujo na Edmund Rolls wa Oxford liliwapa watu harufu ya asidi ya isovaleriki. Walipoonyeshwa maandishi ya "jibini la cheddar" waliipenda kuliko walipoonyeshwa maandishi ya "harufu ya jasho", ingawa kilichopulizwa puani ni kitu kilekile. Tofauti ilionekana pia kwenye picha za ubongo, kwenye sehemu zinazoshughulikia raha ya harufu. Miaka minne kabla ya hapo, huko Bordeaux, Gil Morrot na wenzake waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Maneno waliyoyatumia kuueleza yalikuwa ya mvinyo mwekundu. Jicho lilileta jina, na jina likaongoza pua. Kwa mwonjaji wa kahawa tafsiri yake ni rahisi: usimwambie mtu anachoonja, wala usimwonyeshe kitu kitakachomwambia.

Kwa hiyo ukimya ni sehemu ya utaratibu, na una mahali pake maalumu. Nitaeleza hatua zinazotambuliwa na SCA, chama cha kimataifa cha kahawa bora, kisha niseme ukimya unaingia wapi.

Kahawa huonjwa baada ya kupumzika angalau saa 8 tangu ikaangwe, na isizidi saa 24. Kipimo ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji. Bakuli lako likiwa la mililita 200, weka gramu 11. Kila sampuli hupewa vikombe vitano, na kila kikombe hupimwa na kusagwa peke yake. Ukisaga zote pamoja kisha ukagawa, punje moja mbovu itasambaa kidogokidogo kwenye vikombe vyote vitano na kujificha, wakati lengo la vitano ni kuiona ikiwa imebaki kwenye kimoja. Kabla ya sampuli mpya, pitisha kiasi kidogo cha kahawa hiyohiyo kwenye mashine na ukimwage, ili mabaki ya iliyotangulia yasiingie. Unga usikae zaidi ya dakika 15 kabla ya maji. Maji yawe ya nyuzijoto 93, yasiyo na harufu ya klorini.

Nusa unga mkavu. Mimina maji mpaka ukingoni, acha dakika 4, kisha vunja utando wa unga ulioelea juu kwa kijiko mara tatu huku pua ikiwa karibu. Ondoa povu kwa vijiko viwili. Ikifika takriban nyuzijoto 71, yaani dakika 8 hadi 10 tangu maji yaingie, anza kufyonza kwa nguvu ili kimiminika kisambae mdomoni na harufu ipande puani kwa nyuma ya koo. Rudia kikombe kinapopoa, kwa maana utamu na dosari nyingi hujitokeza zaidi kinapokaribia joto la mwili.

Ukimya unaanza unga unaponuswa mara ya kwanza na unaendelea mpaka kila mtu awe ameweka kalamu chini baada ya duru ya mwisho. Ukimya si wa mdomo peke yake. Mguno, kuinua nyusi, kurudia kikombe kimoja mara tano huku ukitikisa kichwa, yote hayo ni usemi, na wenzako wanausoma. Kiongozi wa meza ndiye hatari kuliko wote. Wanaomheshimu watamfuata hata kwa uso wake, hivyo aonje wa mwisho au asimame upande wa pili.

Majina ya sampuli nayo ni maneno. Ukiandika A na B, wengine watadhani A ni bora. Ukiandika "Kilimanjaro" au "AA", umekwisha kuwapa alama mkononi, na AA yenyewe ni ukubwa wa punje tu, zile zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya takriban milimita 7. Tumia namba za tarakimu tatu zilizochaguliwa bila mpangilio, kama 417, 862 na 295, na uzibadilishe kila kikao. Ikiwa ukaangaji unatofautiana rangi, onjeni chini ya taa nyekundu ili macho yasipate la kusema.

Sasa niingie kwenye Kiswahili chenyewe, kwa sababu hapa ndipo mafunzo mengi huvunjika bila mtu kujua ni kwa nini.

Neno linalosumbua meza za Waswahili kuliko yote ni "kali". Chai kali ni iliyokolea majani. Ndimu kali ni chachu. Pilipili kali inawasha. Dawa kali ni chungu. Pombe kali inachoma koo. Mwonjaji mpya akiandika kwamba kahawa ni kali, hujui ameonja lipi kati ya hayo matano, na ubaya zaidi ni kwamba yeye pia hajui, kwa kuwa neno limeyafunga yote kwenye furushi moja. Kumwambia tu afikirie zaidi hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kulifungua furushi kwa vikombe.

Andaa maji safi ya kunywa, lita moja kwa kila mmumunyo. Wa kwanza tia nusu gramu ya asidi ya sitriki, ile inayouzwa madukani kwa kutengenezea juisi na ubuyu. Wa pili tia gramu 10 za sukari. Wa tatu, gramu 2 za chumvi. Kwa uchungu tumia maji ya toniki yenye kwinini, yaliyoachwa wazi mpaka gesi iishe, kisha ongeza maji mara mbili ya ujazo wake. Utamu wake utabaki, na wanafunzi waambiwe waupuuze. Wa tano ni chai nyeusi: gramu 5 za majani kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, acha dakika 15, chuja, poza. Huo una uchungu kidogo, lakini kikubwa ni ukakasi. Mpe kila mtu mililita 30 za kila mmoja, vyote vikiwa na joto la chumbani, na maji ya kusukutulia katikati.

Wiki ya kwanza wape wakijua ni nini. Waambie waseme kinachotokea wapi mdomoni na kwa muda gani: uchachu wa sitriki hupanda haraka, hutoa mate na kuondoka, uchungu huja polepole na kukaa nyuma, ukakasi si ladha hata kidogo, ni mguso, ulimi unakauka na mashavu yanakuwa kama yamepigwa msasa. Wiki ya pili wape kwa namba. Wiki ya tatu changanya: mmumunyo wa sitriki na wa chai nusu kwa nusu, au wa sitriki na sukari. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu sukari huuficha uchachu na uchachu huuficha utamu, na mtu hurudi kwenye lile neno lake la zamani. Mrudishe kwenye mimumunyo ya peke yake, kisha aujaribu tena mchanganyiko. Kuanzia hapo "kali" isikubaliwe kwenye karatasi. Anayeiandika aulizwe kwa upole ni ukali wa kikombe kipi kati ya vile vitano.

Kwenye ukakasi, Kiswahili kinatupa faida ambayo wageni wengi hawana. Mtoto aliyekula bibo bichi au akang'ata ndizi mbichi anajua ukakasi kabla hajajua kusoma. Wanafunzi wanaotoka kwenye lugha zisizo na neno la kila siku la jambo hili huuchanganya na uchungu kwa muda mrefu, na huandika kwamba kahawa imekaangwa kupita kiasi wakati kosa ni la shambani. Wetu wanaugundua haraka, ilimradi wapewe ruhusa ya kuliandika neno hilo kama lilivyo. Ukakasi kwenye kahawa iliyooshwa mara nyingi unatokana na matunda yaliyochumwa yakiwa ya kijani au manjano. Ukiuona, nenda kwenye pokeo la matunda ukaangalie uchambuzi wa wekundu kabla hujagusa mashine ya kukaangia.

"Uchachu" ni kisa kingine, na hapa nina msimamo. Uji uliochacha humwagwa. Maharage yaliyochacha humwagwa. Neno hili limebeba hukumu ndani yake, na mtu anayelitumia kwa kahawa ya Kilimanjaro au ya Nyeri, ambayo uzuri wake mkubwa ni asidi safi ya matunda, hujikuta akishusha alama bila kukusudia. Ni jambo lilelile la jibini na jasho. Mimi hutenganisha: "ugwadu" kwa asidi nzuri ya tunda, ile ya pesheni, chungwa au ukwaju, na "uchachu" kwa asidi ya kitu kilichovunda au kuumuka kupita kiasi, ile ya siki na togwa iliyopitiliza. Vijana wengi wa mjini hawalijui neno ugwadu, na hilo ni jema. Linafika mezani likiwa halijabeba kinyongo cha chakula kilichoharibika, na unaweza kulifungamanisha na kikombe unachokitaka tangu siku ya kwanza.

Anayetilia shaka kwamba neno linabadilisha alama afanye jaribio hili na kundi lake. Tengeneza kahawa moja, uigawe kwenye vyombo viwili. Waambie cha kwanza ni kahawa yenye ugwadu wa pesheni, watoe alama za kuipenda kutoka 1 hadi 9. Baada ya saa moja, wakiwa wameonja vitu vingine vinne au vitano katikati, wape ileile ukisema ni sampuli iliyoripotiwa kuwa na uchachu. Nusu ya kundi waanze na jina la pili, ili mpangilio usilete tofauti yake. Linganisha. Baada ya kuona namba zao wenyewe, ubishi juu ya ukimya huisha. Waeleze ukweli mara baada ya jaribio, la sivyo watapoteza imani na kila sampuli utakayowapa.

Tukija kwenye harufu, tatizo ni la aina nyingine. Gurudumu la ladha linalotumiwa duniani, yaani mchoro wa duara wenye majina ya ladha na harufu za kahawa, lililotoka kwanza mwaka 1995 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, limejaa matunda ya vichakani ya nchi za baridi na sharubati ya miti ya Kanada. Kamusi ya hisi iliyotolewa na World Coffee Research, shirika la utafiti wa kahawa, ambayo marekebisho hayo yaliegemea juu yake, ina sifa 110, kila moja ikiwa na kitu halisi cha kulinganishia na nguvu yake kwenye kipimo cha 0 hadi 15. Wazo hilo ni zuri kabisa: neno lisisimame bila kitu cha kunuswa. Shida ni kwamba vitu vyenyewe vimechukuliwa kwenye maduka ya Marekani. Kulitafsiri gurudumu hilo neno kwa neno hakumfundishi mtu wa Mbinga wala wa Kagera. Atakariri jina la tunda ambalo pua yake haijawahi kukutana nalo, kisha ataliandika popote anapohisi utamu wenye asidi, na karatasi itaonekana ya kitaalamu huku haina habari yoyote ndani.

Mfano mzuri ni kahawa ya Kenya ya aina ya SL28, iliyochaguliwa na maabara za Scott miaka ya 1930. Dunia nzima inaisifu kwa ladha ya blakikaranti. Wengi wetu tunalijua tunda hilo kwa juisi ya chupa tu, yenye sukari nyingi, kwa hiyo mwonjaji anatafuta sharubati badala ya tunda lenyewe na anaikosa. Mpe zambarau mbivu kwenye msimu wake: ni nyeusi, ina utamu, ugwadu na ukakasi kidogo kwa pamoja. Hazilingani kikamilifu, lakini zambarau inamweka mtu karibu zaidi na kile kilichomo kikombeni, na jambo la muhimu ni kwamba anayo kumbukumbu yake.

Kwa hiyo tengenezeni sanduku lenu la harufu. Tafuta chupa za kioo za mililita 100 zenye vifuniko visivyo na harufu, uzifunge karatasi ya aluminiamu ili kilichomo kisionekane. Vitu vikavu weka gramu 5: karafuu, mdalasini, hiliki iliyopondwa, majani ya chai, tumbaku, karanga zilizokaangwa na kutwangwa, sukari guru iliyokwanguliwa, kakao, kipande cha gunia la katani, udongo uliolowa. Kwa ukwaju, loweka gramu 20 kwenye mililita 200 za maji moto kwa nusu saa na uchuje. Zabibu kavu na tende zikatwe vipande na kuloanishwa kidogo kwa maji moto, kwa sababu zikiwa kavu hazitoi harufu ya kutosha. Maganda ya chungwa na ya ndimu yakwanguliwe siku hiyohiyo. Viungo vilivyosagwa vibadilishwe kila wiki mbili, karanga kila wiki kwa sababu mafuta yake huharibika na kunuka, vilivyoloweshwa vikae kwenye friji siku mbili tu. Karafuu ihifadhiwe sanduku la peke yake. Ina nguvu mno, na ikikaa na wenzake kwa wiki moja, kila chupa itanuka karafuu na waonjaji wataanza kuiona kwenye kila kahawa.

Mtu aseme jina la harufu huku kifuniko kikiwa wazi, anuse sekunde mbili au tatu, apumzishe pua nusu dakika, arudie. Asizidishe chupa 8 kwa kikao. Pua huchoka kabla mwenyewe hajajua.

Waruhusu waandike kwanza kwa lugha yoyote inayowajia, Kichaga, Kihaya, Kimeru, Kinyakyusa. Aliyekulia Kagera, ambako kahawa ya robusta huchemshwa na kukaushwa na maganda yake kisha hutafunwa, ana kumbukumbu za kahawa ambazo wa Moshi hana, na akilazimishwa kuruka moja kwa moja kwenye istilahi za mnunuzi, kumbukumbu hizo hupotea njiani. Baadaye kundi likae lichague neno moja kwa kila kitu na kulifungia kwenye chupa yake. Ripoti inayokwenda Hamburg au Seattle iandikwe kwa istilahi za mnunuzi, kwa jedwali la kuoanisha mlilolitengeneza mezani, wala si kwa kamusi.

Kuna waliozoea kusema kwamba harufu hazitamkiki, kwamba binadamu hana maneno ya pua. Kazi ya Asifa Majid na Niclas Burenhult ya mwaka 2014 inaonyesha vingine. Wajahai, wawindaji na waokotaji matunda wa misitu ya rasi ya Malaysia, walipopewa harufu wazitaje walifanya hivyo kwa wepesi na kwa kukubaliana kama walivyotaja rangi. Wazungumzaji wa Kiingereza waliopewa harufu hizohizo walijiumauma na kila mmoja akasema lake. Wajahai wana maneno ya aina ya harufu yenyewe, yasiyotegemea kitu kimoja kinachoitoa.

Sisi tunayo machache ya namna hiyo: shombo hubaki kwenye kisu hata samaki akishaondoka, na uvundo unaweza kuwa wa nguo, wa ghala au wa kahawa. Lakini mengi ya haya ni ya harufu mbaya. Nimeona athari yake kwenye karatasi: waonjaji wetu hueleza dosari kwa ufasaha na mapema, kisha wakifika kwenye kahawa nzuri wanaandika "inanukia vizuri" na kuishia hapo. Ndiyo maana sanduku la harufu liwe na vitu vizuri vingi kuliko vibaya, takriban viwili kwa kimoja.

Tahadhari moja kubwa kwa wanaofundisha. Uzoefu ukizidi maneno, kuandika maelezo huharibu kumbukumbu. Joseph Melcher na Jonathan Schooler walilichunguza hili kwa mvinyo mwaka 1996. Wanywaji wa mara kwa mara wasio na mafunzo, walipotakiwa kuueleza mvinyo kwa maandishi, walikuja kushindwa kuutambua tena kuliko walipoachwa bila kuueleza. Wataalamu waliofunzwa hawakuathirika, wala wasiokunywa mvinyo. Anayekaa katikati ndiye anayeumia: ulimi wake unajua zaidi ya maneno yake, na maneno finyu yakishaandikwa huikalia kumbukumbu. Kwenye kahawa hao ndio vijana wetu wa miezi ya kati, wanaopenda kuandika sana. Wape kwanza kazi zisizo na maneno: panga vikombe hivi sita kwa makundi kwa jinsi vinavyofanana, tafuta pacha wa kikombe hiki kati ya hivi vinne. Maelezo yaje baada ya hapo.

Na hata wakubwa wasijiamini mno. Ilja Croijmans na Asifa Majid walipolinganisha wataalamu mwaka 2016, wa mvinyo walikubaliana katika kuueleza mvinyo kuliko watu wa kawaida, lakini wa kahawa hawakuwazidi watu wa kawaida katika kuieleza kahawa. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kufanya kazi ya chupa na mimumunyo kila msimu, hata kwa mwenye cheti ukutani.

Ili kujua kama neno lina kitu chini yake au ni upepo, tumia jaribio la pembetatu. Mtu anapewa vikombe vitatu, viwili ni sampuli moja na kimoja ni nyingine, ataje kilicho tofauti. Ikiwa meza inasema shamba la juu lina maua na la chini halina, basi waweze kuyatenganisha bila majina. Tumia mipangilio yote sita, AAB, ABA, BAA, BBA, BAB na ABB, kwa kugawana sawa, kwa maana watu huelekea kuchagua cha katikati wasipojua. Kwa kubahatisha tu theluthi moja watapatia. Kwa majibu 12 unahitaji sahihi 8 ili kuamini kwamba tofauti ipo; kwa 18 unahitaji 10, kwa 24 unahitaji 13. Wasipofikia hapo, futeni maua kwenye ripoti. Inauma, lakini mnunuzi aliyelipia maua na asiyapate hatarudi.

Mfumo mpya wa tathmini ambao SCA ilianza kuujaribu mwaka 2023 umetenganisha karatasi ya kueleza na karatasi ya kupenda. Naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Zamani neno na alama vilikaa kwenye mstari mmoja, na mtu akishaandika "asali" mkono ulipanda wenyewe kwenye alama ya juu.

Kazi ya mwisho ya maneno haya iko kwa mkulima, na hapo hayana budi kuwa makali ya kutosha kumwonyesha afanye nini. Kumwambia kahawa yake ilipata alama 79 kwa 100 hakumsaidii. Akiambiwa ina uchachu wa siki au harufu ya pombe, ataangalia muda wa matunda kukaa kwenye magunia kabla ya kumenywa, usafi wa matangi, na muda wa kuvundika: achukue kiganja cha kahawa, aioshe na kuisugua, na ikishakwaruza kama changarawe bila utelezi, ioshwe saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Uvundo na ukungu humpeleka kwenye meza za kuanikia: tabaka nene mno, kutogeuzwa, au kahawa iliyofungwa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 12. Harufu ya moshi humpeleka jikoni, ambako kahawa ilianikwa darini juu ya mafiga wakati wa mvua. Harufu ya kiazi kibichi, inayosumbua sana Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, hufungamanishwa na mdudu aitwaye antestia, wa jamii ya kunguni, anayetoboa tunda likiwa mtini. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima, na huonekana zaidi kwenye unga mkavu kabla ya maji.

Kila moja ya harufu hizi iwe na chupa yake kwenye sanduku, na sanduku lifike kijijini. Menya kiazi mviringo mbele ya wanachama, ukwangue maganda, uyafunike dakika tano, uyapitishe mikononi mwao pamoja na unga wa sampuli yenye dosari na wa sampuli safi. Wakishanusa, waulize wao waiite nini, na jina watakalokubaliana liandikwe kwa chaki kwenye ubao wa pokeo, juu ya picha ya mdudu mwenyewe.